Ni Mimi, Yona

Asubuhi ile mwalo wa Kibirizi ulikuwa umefurika wachuuzi wa dagaa, wapagazi na akina mama waliotoka ng'ambo ya ziwa na mizigo ya vitenge. Merina, ndani ya kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, alimkwepa mpagazi na simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya samaki wa migebuka. Aliyeichomoa ni kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono.

"Usiiwashe, dada. Mimi fundi simu, kibanda changu kipo Gungu. Nitaitengeneza, uje kesho."

"Na nikija nisikukute?"

"Simu naweza kuikimbia. Wewe siwezi."

Alimkuta. Simu ilipona, Merina ndiye hakupona.

Yona alikuwa na ugonjwa wake mmoja: hakuitaka ile programu ambayo karibu kila mtu Kigoma anaitumia kutumiana ujumbe.

"Ile ina mwenyewe, mpenzi, na hatuonyeshi alivyoitengeneza. Hii yangu ni programu huria. Anayejua kazi anaweza kuifungua akaikagua, na itifaki yake, yaani kanuni za kupitisha ujumbe, ni ya wote. Haina bosi."

"Kisicho na mwenyewe si kimeokotwa?"

"Cheka tu. Ila kaka yako hatasoma hata herufi moja."

Hapo Merina akakubali, maana kaka yake Amuri alishaapa kumvunja miguu fundi huyo. Alitaka dada yake aolewe na rafiki yake wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na rafiki huyo Merina hakuweza hata kumtazama akila. Basi wakakaa bega kwa bega kibandani, kila mmoja akasoma tarakimu ambazo programu ilizitoa kwenye kioo chake. Zikalingana, alama ya kijani ikatokea, ya simu hizo mbili tu.

"Nikiiona hii, najua ni wewe," Yona akasema. "Isipokuwepo, si wewe, hata akijiita nani."

Merina akamfinya shavu. Mapenzi yakinoga, nani anasikiliza masharti?

Siku ilipofichuka kwamba bado wanaonana, Amuri aliipora simu, akamlazimisha dada yake kuifungua, kisha Merina akapelekwa Kalemie kwa shangazi yake Klementina. Shangazi aliona mtoto hali wala halali, akamnunulia simu nyingine. Merina akaiweka programu ileile, akaingia kwa jina lake na neno lake la siri, akaandika:

"Yona, baba amesema kama yupo mtu, wazee wake wafike Ujiji, mwisho Jumapili. La sivyo anapokea posa ya yule mtu. Nenda kwa baba, mpenzi. Kutoka Gungu ni bodaboda tu."

Jibu lilikuja haraka. "Alama haipo. Wewe nani?"

"Ni mimi, Yona."

"Mwambie Amuri mtego wake nimeuona."

Akamkumbusha kitenge cha njano. Akamkumbusha ndoo ya migebuka. Yona akajibu kwamba hayo yote yamo kwenye simu ambayo alisikia Amuri ameipora. Merina akampigia, akilia waziwazi.

"Hata sauti yangu huijui?"

"Sauti siku hizi kompyuta inaiga," Yona akasema. "Njoo tulinganishe tarakimu ana kwa ana."

"Nitakujaje na ziwa lote hili? Yona, simtaki yule mtu. Nakufa huku."

Yona akakata simu.

"Mtoto, huyu bwana yako iko na akili kweli?" shangazi akauliza.

Merina akarudi kwenye simu yake. Aliandika tena Ijumaa, akaandika Jumamosi, akaandika Jumapili asubuhi, na kila ujumbe ulionyesha kwamba umefika. Hicho ndicho kilichomvunja moyo. Jioni baba yake akapiga kutoka Ujiji.

"Mwanangu, hakuja mtu."

"Nimesikia, baba."

Wiki chache baadaye Merina alirudi kwa boti kuchukua nguo zake, pete ya mtu mwingine kidoleni. Yona alikuwa amesimama Kibirizi, macho mekundu, shati limekunjamana. Kanisani alikuwa amesikia tangazo la ndoa likisomwa, na ndipo alipoelewa.

"Merina, nisamehe..."

"Toa simu yako."

"Haina haja tena."

"Itoe. Si ulitaka ana kwa ana?"

Wapagazi wakiwapita na magunia, Merina akaanza kusoma tarakimu zake. Yona akasoma zake. Katikati akashindwa, akafunika uso, na Merina akamalizia peke yake akizifuata kwenye kioo chake. Zilikuwa zilezile. Alama ya kijani ikatokea pembeni ya ujumbe wa Jumapili, wa Jumamosi, wa Ijumaa, ikapanda hadi ule wa kwanza.

"Ni wewe," Yona akasema.

"Nilikuwa mimi."

"Nilitaka kukulinda."

"Ulilinda miguu yako, Yona. Programu yako haina kosa lolote. Baba alikaa barazani kutwa nzima. Ungekwenda kwake hata kwa kutoamini, ungekuta nasema kweli."

Yona akanyoosha mkono kumshika. Merina akarudi nyuma, ingawa kila kiungo chake kilitaka kwenda mbele. Akajitwika begi lake na kumwita mwenye bodaboda.

"Wapi, dada?"

"Ujiji," Merina akasema. "Si mbali."