Sukari Chini ya Kitanda

Asubuhi Nangila alimpa mama yake chai bila sukari na sukumawiki bila ugali. Hivyo ndivyo walivyokula nyumbani kwa Nangila, mtaa wa Kibomet, tangu mama huyo, Dinah, alipotoka kijijini Kamukuywa kuja kutibiwa saratani ya titi. Nangila alisikia kwamba saratani hula sukari, na kwamba ugali nao hugeuka sukari mwilini. Akaificha sukari yote chini ya kitanda.

"Mkulima wa miwa kunyimwa sukari!" Dinah alinung'unika. "Kamukuywa watanicheka, bana."

Siku hiyo hospitalini walirudishwa nyumbani. Uzito wa Dinah ulikuwa umeshuka mno, dawa ya saratani ikaahirishwa. Nangila alichanganyikiwa. Si alikuwa anaiua saratani kwa njaa?

Jioni jirani yao Fardosa, mfanyakazi wa maabara, alileta uji wa wimbi. Alimshika Dinah mkono kwanza, ndipo akauliza, "Mama anakula nini?"

Nangila alieleza yote. "Kwani si kweli saratani inakula sukari?"

"Inakula, tena kwa pupa. Kila seli ya mwili ina maagizo ya kujenga milango ya kuingizia sukari. Humo ndani kuna vitu vidogo sana, vinaitwa RNA ndogo. Vingine hunyamazisha maagizo hayo, milango isizidi. Kwa saratani nyingi, vitu hivyo hupungua. Milango inazidi."

"Basi nikimnyima sukari, milango itakosa cha kuingiza!"

"Hapana, dada. Mama akikosa chakula, mwili unavunja nyama yake wenyewe na kutengeneza sukari. Saratani inaendelea kula. Mama ndiye anakonda."

"Na hizo RNA zinarudishwaje?"

"Watafiti bado wanatafuta. Sisi tumpe ugali, maharagwe, mayai, na tufuate dawa. Mama hana kisukari. Kijiko kimoja kwa chai hakina neno."

Nangila alishika kichwa. "Bado sijashika vizuri."

"Hata mimi ilinichukua mwaka," Fardosa alicheka.

"Mimi nimeelewa moja," Dinah akasema. "Toa ile sukari chini ya kitanda."

"Mama! Ulijua?"

"Sisimizi walinionyesha njia."

"Na hukuichukua?"

"Niliona vile unanihangaikia, mwanangu. Ningekuvunja moyo."

Nangila aliinama kuvuta mfuko, asionekane akilia.

Wiki tatu baadaye mizani ilipanda, na Dinah akawekewa dawa hospitalini. Nangila alikaa kando yake na thamosi ya chai. Mambo ya milango bado yalimchanganya. Lakini aliimimina chai, akatia kijiko kimoja, akakoroga.