Nani Aliiba Ngurumo ya Baba?

Niliinyanyua amplifaya ya marehemu baba upande mmoja, nikaiachia ianguke.

Puu!

Basi. Mlio wa mbao tu.

Nikainyanyua tena. Nikaiachia tena.

Puu!

Jamani... ngurumo ya baba haikuwepo!

Nikachomoa waya wa umeme, nikailaza amplifaya kifudifudi, nikafungua skrubu. Chini kabisa kuna boksi jembamba la bati, limevalishwa mfuko mweusi. Nikalitoa. Nikalifungua.

Tupu!

Springi zote hazipo. Tena hazikukatika kwa uzee. Zilifunguliwa taratibu, na mtu mwenye koleo na muda wa kutosha.

Mtu alikuwa amemwibia baba yangu. Na zaidi ya mimi na baba, mkono mmoja tu uliwahi kuingia ndani ya amplifaya ile.

Mkono wa anko Orval.

Ngoja niwaeleze mnielewe, maana si wote mmekulia kwenye magitaa.

Naitwa Twyla. Kwetu ni Oildale, ng'ambo ya mto kutoka Bakersfield, California. Baba yangu, Harlan Stegall, alikuwa fundi wa pampu za mafuta, na kila Jumamosi alipiga gitaa katika baa ya Bi. Faye. Orval alimpigia gitaa la besi tangu mimi sijazaliwa.

Amplifaya za zamani kama ya baba hupitisha sauti ya gitaa kwenye springi ndefu. Springi zinatetemeka, sauti inatoka na mwangwi, kama mtu anapiga ndani ya kanisa tupu.

Ukiidondosha amplifaya yenyewe, springi zinagongana.

Hapo ndipo radi inapasuka!

Baba alimaliza kila Jumamosi hivyo. Wimbo wa mwisho ukiisha, ananyanyua amplifaya upande mmoja, anaiachia. Baa nzima inatetemeka. Watu wanashangilia, wanavaa kofia zao, wanakwenda nyumbani. Bila ngurumo ya Harlan, hakuna aliyeinuka kitini.

Sasa Jumamosi hii ilikuwa ya kumuaga pale baa, na Bi. Faye alikuwa ameniambia, "Wewe ndiye mwanawe. Ngurumo ya mwisho utaiachia wewe."

Nikaiachie nini? Bati tupu?

Naomba niseme ukweli. Tangu baba afe sikuwa nimelia. Si kwa ujasiri. Nilikuwa na ganzi. Majirani walileta viazi vya jibini, nikala kama natafuna karatasi. Jeneza linashuka, mwenzenu naangalia vumbi kwenye viatu vyangu.

Labda kwa sababu mimi na baba tulishaachana kabla ya kifo. Miaka yote niliyokuwa chuo, nikipiga simu, baba alisema maneno yaleyale.

"Haya, mwanangu. Huyu hapa mama yako."

Kila mara! Nikaelewa kwamba ana kinyongo kwa sababu nimeondoka. Amekufa nacho.

Basi nikalichukua lile boksi tupu hadi kwa Orval. Nilimkuta barazani, anampa mbwa wake mabaki ya mkate na mchuzi mweupe.

"Anko, springi za baba ziko wapi?"

"Salamu kwanza, mtoto wa Harlan. Au chuoni wamekufundisha kuanza na kesi?"

"Umeziuza?"

"Nani anunue springi za kutu?"

"Kwa hiyo ni wewe uliyezitoa!"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Ni mimi."

"Baba alijua?"

"Hakujua. Na nilimwomba Mungu asijue."

"Kwa nini, anko?"

"Hayo si yangu kuyasema, Twyla."

Nilitegemea hasira ipande. Haikupanda. Nilikuwa kama swichi unayoibonyeza, taa haiwaki.

"Jumamosi usije," nikamwambia.

"Nitakuja," akasema. "Hata ukiniweka nje, nitapigia hukohuko."

Nikaenda mjini, nikanunua boksi jipya lenye springi zake. Nikalifunga mwenyewe juu ya meza ya jikoni, kama baba alivyonionyesha nilipokuwa mdogo. Mfuko kwanza, ili bati lisigusane na vyuma vingine. Skrubu nne, usizikaze sana, springi zinataka kupumua. Halafu waya mbili, moja inapeleka sauti kwenye springi, nyingine inairudisha.

Nikazichomeka kinyume! Gitaa likatoa mwangwi mwembamba kama nzi kwenye chupa. Nikacheka peke yangu, cheko kavu, nikazibadilisha.

Nikapiga tena.

Eh! Jikoni pakajaa fujo. Sauti juu ya sauti, kama gitaa limetumbukia kisimani. Hata noti sizitambui!

Nikaangalia kitufe cha mwangwi. Kipo kwenye kumi. Mwisho kabisa. Na vumbi limekizunguka, hakijasogezwa siku nyingi.

Baba yangu? Baba aliyekuwa akiniambia mwangwi ni kama chumvi?

"Punguza hiyo!" Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. "Punguza, ndivyo ilivyokuwa kabla Orval hajazitoa..."

Akajiziba mdomo. Amechelewa.

"Mama. Ulijua?"

Mama akavuta kiti. Nadine Stegall si mtu wa kukaa mchana. Alikaa.

"Baba yako alikuwa hasikii, Twyla."

"Hasikii nini?"

"Sauti nyembamba. Zilianza kumtoka moja moja. Ndege. Kengele ya jiko. Halafu mwangwi wa gitaa. Akawa anaufukuza kwa hicho kitufe. Leo tatu, kesho tano, mpaka kumi. Watu wakaanza kutoka kabla ya wimbo kuisha. Bi. Faye akaanza kutafuta kijana mwingine."

"Na Orval?"

"Orval akazitoa springi. Baba yako akaendelea kuweka kumi, na gitaa likatoka safi. Akabaki na Jumamosi zake."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Aliona aibu. Hivi unadhani simu alikuwa ananipa kwa nini?"

Nikaliegemeza gitaa ukutani.

"Sauti yako nyembamba, mwanangu. Alisikia kama upepo tu. Ukikata simu, ananikalisha hapahapo ulipo, ananitazama midomo. 'Amesema nini? Rudia yote.' Neno kwa neno, Twyla! Ile habari ya paka wa mwenzako wa chumbani alitaka niirudie mara tatu."

Nilisikia maneno. Nilielewa maneno. Lakini ganzi ilikaa palepale, imeweka miguu juu ya meza.

Nikashusha kitufe hadi tatu.

Jumamosi baa ilijaa mpaka mlangoni. Orval alikuwa amefika, ameegemea gari lake, besi begani. Nikamfungulia mlango. Akapita, akaenda kusimama mahali pake.

Nyimbo zikapigwa. Ya mwisho ikaisha. Macho yote yakawa kwangu.

Nikashika mpini wa amplifaya. Nikanyanyua. Nikaachia...

NGURUMO!

Lakini zilikuwa mbili!

Moja juu, ya springi mpya. Na nyingine chini, nzito, ikapita kwenye mbao za sakafu, ikaingia kwenye nyayo zangu, ikapanda magotini.

Nikageuka. Orval alikuwa nyuma yangu, kiganja bado kimelala juu ya nyuzi za besi.

"Samahani," akasema. "Mazoea."

"Mazoea gani, anko?"

"Springi hamna... ngurumo ingetoka wapi? Akiachia amplifaya, mimi napiga nyuzi zote kwa kiganja. Aliisikia kwa miguu. Anageuka ananiuliza, 'Umeisikia hiyo, Orval?' Namwambia, 'Nimeisikia, kaka.'"

Ganzi ikaachia, kuanzia miguuni. Halafu kitu kikapasuka kifuani, nikalia mbele ya watu wote, kamasi na yote, na anko Orval akanishika kama gunia.

Hakuna aliyevaa kofia. Hakuna aliyeinuka.

Wapendwa, mtu wako akikujibu kwa mkato, usikimbilie kuandika moyoni kwamba hakupendi. Huenda hakusikii, na anaona aibu kukuambia.

Usipige simu tena. Nenda. Kaa karibu, mshike mkono, useme polepole.

Mimi yangu nilimsemea baba kaburini Jumapili. Nilikanyaga ardhi kwa nguvu kwanza, ili ajue nimefika.