Mwezi Hauzimwi kwa Swichi

Nyumbani kwa Saverio, mtaa wa Ntinda, hakuna kitu kinachowaka bure. Saverio ni polisi mstaafu. Umeme wao ni wa Yaka: unalipa kwanza, kisha unatumia. Basi yeye huzima taa, huzima redio, huzima pasi kabla kola haijanyooka. Majirani husema jogoo wake huwika mara moja tu, akiogopa kuambiwa anapoteza sauti.

Binti yake, Aber, hutengeneza kadi kwa kompyuta. Kwa pesa za simu ya baba yake, alilipia programu ya kuchora kadi, akaanza kuiweka kwenye kompyuta. Ilikuwa vita. Bando la intaneti liliisha programu ikiwa karibu kukamilika. Ikaanza upya. Ikataka barua pepe, ikataka neno la siri, ikalikataa. Kabla haijafunguka, Saverio alikuwa amenyoa ndevu na zimeota tena.

"Sasa zima," akamwambia binti yake. "Tumelipia mwezi mmoja. Tusiumalize kwa kucheza. Utawasha kazi ikija."

Aber akatii. Wiki zikapita.

Siku moja mchana Amony, muuza vitenge wa soko la Nakawa, akaja mbio.

"Mwanangu, nataka kadi za harusi kesho asubuhi. Kijana wangu anafunga ndoa kanisa la Lubaga. Aliyeahidi kunitengenezea hapokei simu. Ukishindwa sema sasa, niende kwingine."

"Nitaweza, mama."

Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Amony akifurahi, soko zima litamjua Aber. Akikasirika, litamjua pia.

Aber akafungua programu. Ikaandika: *Muda wako umekwisha. Lipa upya.*

"Wezi!" Saverio akafoka. "Tumeitumia siku moja! Ifute. Tukiiweka upya, mwezi utaanza mwanzo."

Wakaifuta, wakaipakua tena. Bando likaisha, wakanunua lingine. Jioni programu ikafunguka na kuandika maneno yale yale.

"Futa tena!"

"Baba, bambi, nakuomba! Mama yule anakuja asubuhi!" Aber alikuwa karibu kulia.

Jirani yao Sharifah, mwalimu wa kompyuta, alisikia kelele akaingia.

"Afande, unamkamata nani leo?"

"Hii programu. Imekula mwezi wangu ikiwa imezimwa."

Sharifah akacheka. "Umedhani ni Yaka, ukizima yuniti zinabaki? Hii ni kama kodi ya chumba. Ukifunga chumba ukaenda Gulu mwezi mzima, mwenye nyumba atakusamehe?"

"Yule wangu? Angenifuata Gulu."

"Basi. Siku zinahesabiwa tangu ulipolipa, uwashe usiwashe. Na kuifuta hakurudishi hata siku moja."

"Sasa Anti, nifungue akaunti mpya?" Aber akauliza.

"Usithubutu. Michoro yako imo kwenye ile ya zamani. Ingia kwa barua pepe ile ile, ulipe, ufanye kazi. Kisha uzime malipo ya kila mwezi. Ukiyaacha, yatakata pesa yenyewe. Safari hii hayakukata, bila shaka kwa sababu simu ya baba yako haikuwa na pesa."

"Hilo halikuulizwa," Saverio akasema.

"Ukiyazima, mwezi uliolipia bado ni wako mpaka mwisho. Utalipia tena ukiwa na kazi mkononi. Na kama kazi ni ndogo, zipo programu za bure."

Aber akafanya hivyo. Asubuhi Amony akapokea kadi zake, wino bado unanukia. Akalisoma jina la mwanawe mara mbili, akapiga kigelegele hapo hapo mlangoni.

Tangu hapo Aber hukusanya kazi kwanza, ndipo alipie mwezi. Shida ni baba yake. Mwezi ukishalipiwa, Saverio havumilii kuona siku ikipita bure. Huzunguka mtaani akiuliza, "Hamna harusi? Hata ubatizo?"

Ojera, dereva wa lori, ameishi na mama wa watoto wake miaka mingi bila ndoa. Saverio alimshika getini.

"Ojera, funga ndoa wiki hii. Mwezi wetu unaisha Jumapili."

Ojera alifunga ndoa Jumamosi. Kadi zilikuwa nzuri sana.