Kikohozi Alichokificha Abigaël

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Abigaël alinyunyiza maji uani ili vumbi jekundu la mji wa Kolwezi lisiingie ndani, kisha akafagia. Baadaye alinawa mikono kwa sabuni, akavaa barakoa, akampelekea mama yake uji.

Mama Fidélie alikuwa amerudi karibuni kutoka India. Kabla ya safari, moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Miguu ilimvimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni alihema kama aliyepanda mlima. Huko India madaktari waliutoa moyo huo mgonjwa, wakampandikiza moyo wa mtu aliyefariki, ambaye ndugu zake walikubali utolewe ili mwingine aishi. Sasa Mama Fidélie alimeza dawa kila siku ili mwili usiukatae moyo huo mgeni. Lakini dawa hizo hizo zilipunguza kinga yake, hata mafua tu yangeweza kumrudisha hospitalini.

"Ukisikia koo inawasha, uniambie mbele ya kuingia kwa mama," Tata Stanislas alimkumbusha bintiye mara nyingi.

Ijumaa moja Abigaël alirudi kutoka shuleni koo likimwasha. Hakusema kitu. Mama alikuwa ameahidi kumsuka kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Jumamosi aliketi chini, mgongo ukiegemea magoti ya mama. Vidole vya mama, vilivyokuwa baridi wakati wa ugonjwa, sasa vilikuwa na joto. Kikohozi kikampanda Abigaël kifuani. Akakimeza. Kikapanda tena. Akamwona mama akilini mwake, amelazwa upya, akitafuta pumzi. Aliruka, akakimbilia nje, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Abi! Kuko nini?" mama aliita.

"Usikuje, Mama! Niko mugonjwa tangu jana. Nilificha."

"Kwa nini, mutoto wangu?"

Abigaël alijibu akiwa nyuma ya mlango. "Moyo ule ni wa mutu mwingine. Niliogopa hautanijua. Nilitaka nikae karibu, unizoee."

Mama alicheka, sauti ikimtetemeka. "Kumbe! Nilipoamka kule India, jina la kwanza nililoita ni lako. Moyo huu unasukuma damu, na unasukuma vizuri. Lakini anayekupenda ni mi, mama yako."

Tata Stanislas alimwita muuguzi wao, Mama Mushiya, naye akampigia simu daktari. Abigaël alihamia kwa shangazi yake, nyumba ya jirani, akiwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Binamu zake walimcheka, lakini alikataa kabisa mtu mwingine amalizie. Kila jioni alisimama uani, mama akiwa dirishani, wakapiga soga mpaka giza lilipoingia.

Kikohozi kilipokwisha, Mama Mushiya aliwapima wote wawili. Mama hakuwa ameambukizwa. Abigaël alirudi kuketi kati ya magoti yake ili amaliziwe kusukwa, na muuguzi akamwambia:

"Ulikosea kuficha, Abi, lakini ulifanya vizuri kusema ukweli kabla hujachelewa. Ukimpenda mgonjwa, mwambie ukweli, hata kama ukweli huo utakuweka mbali naye kwa muda."