MKE MPYA ALIFUTA UPANDE WANGU WA KOMPYUTA

"Toka! Na usiguse kitu!"

Huyo ni mume wangu, mlangoni mwa studio tuliyoifungua wote wawili. Nyuma yake kuna mwanamke mwingine amekalia kiti changu... na amevaa sweta langu!

Jamani, niliondoka na mkoba na viatu visivyofanana.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Tabasamu, maana ndiyo kauli yake akishika kamera. Harusi za watu yeye anapiga, mimi nahariri. Kompyuta ilikuwa moja, yenye mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza: Windows au Linux? Windows yake, Linux yangu. Video za wateja zote zilikaa upande wangu.

Nikahamia kwa dada yangu. Hasira nalala nayo, naamka nayo, nakunywa nayo chai.

Miezi ikapita, asubuhi moja simu ikaita. Yeye!

"Kompyuta imekufa."

"Poleni. Mnazika lini?"

"Acha utani! Nilimwambia huyu afute takataka zako, kafuta upande wako wote. Sasa ukiwasha ni kioo cheusi na maneno mawili ya Kiingereza. Fundi anataka kufuta kila kitu aanze upya. Na mama wa bi harusi amekaa hapa, anasema haondoki bila video ya mwanawe!"

Nikatabasamu mimi sasa.

"Nakuja."

Msinisifu, ndugu zangu. Sikwenda kusaidia. Nilikwenda kuua! Mkobani nilikuwa na flashi, kichwani nilikuwa na amri moja ya kusafisha diski mpaka asipatikane fundi wa kuifufua. Nilitaka aniangalie nikibonyeza.

Nikaingia. Mama wa bi harusi yuko mapokezi, miwani puani, mkoba mapajani. Tabasamu akanisukumia chumba cha ndani.

"Fanya haraka," akasema, akarudi kumbembeleza mteja.

Nikachomeka flashi, nikaiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi. Nilichokiona ndicho nilichotegemea. Kile kiprogramu kinachouliza Windows au Linux kilikuwa kinaishi upande wangu. Ukiufuta, nacho umekifuta, mashine haijui pa kuanzia. Lakini mafaili bado yapo pale pale. Kilichoondoka ni mpaka tu, ile alama inayoiambia mashine upande wangu unaanzia wapi.

Vidole vikawa juu ya kibodi. Amri moja tu...

"Dada."

Mke mpya! Kasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Usiniite dada. Vua kwanza sweta langu!"

Akalivua.

Aisee!

Mikono yote miwili, kutoka begani hadi kiwikoni, imevilia damu. Alama nyingine mbichi, nyingine zimeanza kugeuka manjano.

Vidole nikaviondoa kwenye kibodi. Unajua kwa nini? Lile sweta la mikono mirefu nililinunua mwenyewe, kwa ajili ya kuficha alama kama hizo hizo.

"Nilifuta makusudi," akaninong'oneza. "Kutoka haniruhusu. Namba yako kaizuia kwenye simu yangu. Akaja fundi wa printa, nikamuuliza, nikiufuta upande huu itakuwaje? Akasema haitawaka. Nikajua hapo ataitwa mtu mmoja tu."

"Ulinitaka wa nini?"

"Nikuulize ulitokaje."

"Mimi sikutoka. Nilifukuzwa."

Akaniangalia.

"Basi una bahati."

Wallahi lile neno lilinipasua. Miezi yote hiyo mimi namchukia huyu!

"Begi lako liko wapi?"

"Sina."

"Tia nguo kwenye mfuko wowote. Sasa hivi."

Ile amri ya kuua nikaifuta kichwani. Diski ile ilikuwa na harusi za watu wasio na kosa. Nikautafuta ule mpaka uliopotea, nikaurudisha. Video ya bi harusi ikafunguka, nikainakili kwenye flashi ya pili. Kisha nikakirudisha kile kiprogramu cha kuwashia... ila yale majina mawili kinayoonyesha, nikayaandika upya mwenyewe. Mhariri wa video mimi, maneno sikosi!

"Tayari! Njoo na mteja ajionee," nikaita.

Tabasamu akaja anachekacheka, kamvutia mama kiti mbele ya kioo.

"Si nilikwambia mama? Kwangu hakiharibiki kitu."

Akaiwasha.

Kioo cheusi. Mistari miwili myeupe. Mama akasogeza miwani, akasoma kwa sauti, polepole...

"Mke wa kwanza: alipigwa, akafukuzwa. Mke wa pili: anapigwa, anaondoka leo."



Mama akageuka.

"Baba, na video ya mwanangu iko kwa mke yupi?"

"Hii hapa, mama," nikampa flashi. "Hongera kwa harusi."

Tabasamu akageuka mlangoni. Mke wake kasimama na mfuko wa nailoni, mikono wazi, kila mtu aione.

"Unaenda wapi wewe?!" Akamrukia.

Mama wa bi harusi akanyanyuka, na mwili wake si haba, akasimama kati yao, akajaza mlango wote.

"Mguse," akasema. "Mguse mbele yangu nione."

Hakugusa. Kumbe ushujaa wake ni wa chumbani tu!

Tulitoka wote watatu, tukaenda moja kwa moja kituo cha polisi, mama akiwa shahidi wetu. Kesi inaendelea, na leo, kwenye studio yangu mpya, yule aliyekuwa mke mpya anahariri meza ya pili kutoka kwangu. Wateja wametufuata.

Juzi Tabasamu alinipigia.

"Yale maneno yanatokea kila nikiwasha. Nayaondoaje?"

"Tuombe msamaha kwanza, sisi wawili tunaotajwa hapo."

Akakata simu.

Dada zangu mnaosoma, mwanaume wa namna hii ana ombi moja tu kwa Mungu: wanawake wake wasije wakakaa chumba kimoja wakaongea. Nami nilimsaidia, kwa kumchukia mtu asiyenikosea. Ukimwona aliyekalia kiti chako, usianze na matusi. Muulize kwanza analala vipi.