Subiri, Jino! Ruta Imegoma

Huyu ni Sekela. Ana miaka sita na anakaa Tukuyu, kwenye mvua. Jana ilinyesha. Leo inanyesha. Kesho usiulize.

Sekela ana jino la mbele linalocheza. Akilisukuma kwa ulimi, linakwenda mbele. Akilivuta, linarudi nyuma.

Tiki, tiki, tiki.

Wewe usiguse la kwako. Nimekuona.

Baba yake Sekela ni dereva wa lori. Lori lina matairi ishirini na mawili, na Baba anayajua yote. Leo Baba yuko mbali, Zambia.

Jino la kwanza la Sekela lilitoka Baba akiwa safarini. Bibi akalitupa juu ya bati, kama inavyotakiwa. Baba aliporudi alikuta pengo tu. Akasema, "Hongera, mwanangu." Kisha akala ugali wake kimya, na Baba huwa hali kimya.

Basi jana Baba alipiga simu.

"Sekela, hili la pili nataka kuliona likitoka. Kwa macho yangu! Kesho saa kumi na mbili jioni nitakuwa kwenye nyumba ya wageni yenye mtandao. Keshokutwa naingia porini, na huko hakuna mtandao wiki nzima. Lisitoke bila mimi. Sawa?"

"Sawa, Baba."

Kwa hiyo leo Sekela hakula mahindi ya kuchoma. Hakula muwa. Alikunywa uji kwa kijiko kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Subiri, jino," alisema. "Subiri kidogo tu."

Saa kumi na mbili ikafika. Sekela akachukua kishikwambi cha Mama. Mama mwenyewe ni nesi, na leo yuko zamu mpaka asubuhi. Sekela akabonyeza picha ya Baba.

Baba hakutokea. Kilitokea kiduara.

Kiduara kikazunguka. Zungu, zungu, zungu.

Jino likacheza. Tiki, tiki, tiki.

"Bibi!" Sekela aliita. "Mtandao umekata!"

Bibi alikuwa sebuleni, anafuma kitambaa. Bibi anafuma kila siku. Kochi lina kitambaa. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Hata kitambaa cha meza kina kitambaa chake juu.

"Unalilia nini, mke mwenzangu?" aliuliza Bibi. Huwa anamwita hivyo kwa utani. "Njoo hapa. Uzi ninao. Naling'oa hilo jino sasa hivi, tukale."

"Hapana! Linamsubiri Baba!"

"Ala! Jino nalo lina miadi?"

Sekela akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akicheka, jino linatoka.

Mara akatokea Mjomba Gwakisa, ndizi mdomoni. Mjomba ni mtoto wa mwisho wa Bibi. Simu anayo, tena nzuri. Bando hana, na hajawahi kuwa nalo. Ndiyo maana kila jioni anakuja "kusalimia."

"Tulieni," alisema Mjomba. "Fundi nimefika."

Fundi akakitikisa kishikwambi.

Zungu, zungu, zungu.

Fundi akapanda juu ya kiti, akakiinua mpaka darini.

Zungu, zungu, zungu.

Fundi akatoka nje, akakifunika kwa koti lake, akazunguka nyumba mara tatu. Akarudi ameloa kichwa mpaka vidole.

"Ni mvua," alisema. "Mvua inazuia mtandao."

"Mjomba, hapa mvua inanyesha kila siku," alisema Sekela. "Na jana mtandao ulikuwepo."

Mjomba akafikiri. Akamenya ndizi nyingine.

Mara simu ya Bibi ikalia, ile ndogo ya tochi, isiyojua video. Ngri, ngri! Alikuwa Baba.

"Sekela! Mbona sikuoni?"

"Mtandao umegoma, Baba."

"Jino liko?"

"Liko. Limeshikwa na kanyama kadogo tu."

"Sauti yako naisikia vizuri, mwanangu. Lakini jino halisikiki. Na dakika zangu zina..."

Tuut. Simu ikakata.

Sekela akalia. Alilia kidogo tu, kwa sababu kulia sana kunatikisa jino.

Alipomaliza, akafuta kamasi kwa mkono wa sweta. Usimwige. Akatazama meza ya dirishani.

Siku zote mezani hapo hukaa ruta. Ruta ni kile kisanduku cheusi chenye mapembe mawili, kinacholeta mtandao nyumbani. Leo mezani hapakuwa na ruta. Palikuwa na kitambaa.

"Bibi, ruta iko wapi?"

"Ruta ndiyo nini?"

"Kisanduku cheusi. Kina mapembe."

"Aaa, kile! Nimekitunza," alisema Bibi. "Asubuhi walikuja akina mama wa kwaya, nikafanya usafi. Nikakiweka mahali pazuri sana."

"Wapi?"

Bibi akakuna kichwa.

"Pazuri sana," alisema. "Mpaka nimesahau."

Jamani Bibi!

Lakini ruta ina waya, na waya hauna pa kujificha. Sekela akauona ukutani. Akapiga magoti, akaufuata.

Waya ukapita chini ya meza. Sekela naye akapita chini ya meza.

Waya ukapita nyuma ya kochi. Sekela naye akapita nyuma ya kochi. Huko alikuta karanga moja, kizibo cha chupa, na soksi ya Mjomba. Aliijua kwa harufu.

"Pyuu!" alisema Sekela.

Tiki, tiki, tiki, likasema jino.

"Subiri, jino. Subiri kidogo tu."

Waya ukafika kwenye kabati la vyombo, ukaingia kwa tundu la nyuma. Hilo ni kabati la Bibi. Ndani yake vinakaa vikombe vya wageni, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea.

Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo. Kabati likafunguka. Kriii!

Kulikuwa na vikombe vya wageni. Kulikuwa na masinia ya wageni. Kulikuwa na masufuria mapya, mengine juu ya mengine. Na katikati yake kulikuwa na kitu chenye kitambaa cheupe. Chini ya kitambaa cheupe kulikuwa na kitambaa cha waridi. Juu ya vyote kulikuwa na maua ya plastiki.

"Bibi! Umeivalisha ruta nguo!"

"Sasa ikae uchi?" alisema Bibi. "Mbele ya akina mama wa kwaya?"

Ha! Sekela akacheka. Jino likaruka mbele, likaruka nyuma. Tikitikitiki! Sekela akalishika kwa kidole haraka.

Akatoa maua. Akatoa kitambaa cheupe. Akatoa kitambaa cha waridi. Akaigusa ruta.

"Aii!"

Ruta ilikuwa ya moto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Taa yake ilikuwa nyekundu.

"Maskini!" alisema Sekela. "Haipati hewa. Mama alisema ruta inataka hewa. Na haitaki kukaa na masufuria, yanauzuia mtandao."

"Hata mimi sitaki kukaa na masufuria," alisema Bibi. "Lakini nikiondoka nani atayaosha?"

Sekela akazima ruta, akachomoa waya. Akaiweka juu kwenye rafu ya vitabu, katikati ya nyumba, mahali penye hewa.

"Tunahesabu mpaka thelathini, kisha tunaiwasha," alisema. "Bibi, ipepee."

Bibi akachukua mfuniko wa sufuria. Pepe, pepe, pepe.

"Nahesabu mimi," alisema Mjomba Gwakisa. "Moja, mbili, thelathini!"

"Mjomba!"

Wakaanza upya. Hesabu na wewe, usiwe kama Mjomba. Moja. Mbili. Tatu. Wakafika kumi. Wakafika ishirini. Wakafika thelathini.

Ruta ikapoa. Sekela akachomeka waya.

Taa nyekundu.

Taa nyekundu.

Taa ya njano.

Taa ya kijani!

"Imepona!" Sekela akashangilia, mdomo umefumbwa.

Mkono wa Bibi ukainuka polepole kuelekea kwenye rafu. Mkono ulikuwa na kitambaa.

"Bibi!"

"Nilikuwa naipima tu," alisema Bibi.

Sekela akabonyeza picha ya Baba. Ngring, ngring! Kikaonekana kipaji cha uso. Ikaonekana pua. Ni pua ya Baba kabisa!

"Se... se... se... ke..." alisema Baba. Kisha akaganda, jicho moja limefumba.

Kiduara kikarudi. Zungu, zungu, zungu.

Jino likacheza. Tiki... tiki... Sasa lilikuwa limechoka kweli.

"Baba kaganda!" Sekela alisema, na machozi yakamjaa. "Hewa ipo. Taa ni ya kijani. Masufuria hayapo. Sasa nani anaumaliza mtandao?"

Hapo ikasikika sauti kutoka chooni.

"GOOOLI!"

Sekela akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Sekela. Wakatazama kiti cha Mjomba. Kilikuwa na maganda ya ndizi tu.

Bibi akavua kandambili moja, akagonga nayo mlango wa choo. Ko, ko, ko!

"Gwakisa!"

"Naam, Mama."

"Unafanya nini humo?"

"Shughuli za chooni, Mama."

"Chooni kuna timu ngapi?"

Mjomba akakohoa.

"Mbili," alisema. "Naangalia mpira. Na kuna sinema tatu zinaingia kwenye simu. Fupi fupi, Mama."

"Zima yote!"

"Zimebaki dakika tisa tu, Mama! Tunaongoza!"

Sekela akasogea mlangoni. Akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mjomba," alisema polepole. "Baba hakuliona lile la kwanza."

Mpira ukanyamaza. Kisha mlango ukafunguka, na Mjomba Gwakisa akatoka ameishika simu yake juu. Ilikuwa imezimwa kabisa.

"Nenda, mjomba," alisema. "Kimbia."

Sekela akakimbia na mkono mdomoni. Akabonyeza picha ya Baba.

Ngring!

Baba huyo! Uso mzima, masikio yote mawili, na kofia yake ya lori.

"Sekela!"

"BABA!"

Na kwa kuita hivyo, kwa nguvu zote, jino likaruka.

Tiki... pu!

Likaangukia kwenye kioo, juu ya pua ya Baba.

"Limetoka!" alipiga kelele Bibi.

"Limetoka!" alipiga kelele Mjomba.

"Limetoka, Baba! Umeona?"

Baba hakujibu. Hakutikisika. Alitazama tu, mdomo wazi.

"Jamani!" Sekela akalia. "Kaganda tena! Bibi, kaganda, hakuona!"

Bibi akavaa miwani. Akainama, akatazama kioo.

"Hajaganda," alisema Bibi. "Hebu mtazame vizuri."

Sekela akatazama. Chozi lilikuwa linatembea kwenye shavu la Baba. Likapita puani. Likafika kwenye masharubu.

"Nimeona," alisema Baba. "Mwanangu, nimeliona likiruka. Mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya."

Akajifuta kwa kofia.

Sekela akasogeza uso karibu kabisa na kioo. Pengo lake lilikuwa jipya, na ulimi ulikuwa unachungulia.

"Usilie, Baba," alisema. "Yamebaki kumi na nane."

Baba akacheka na kulia pamoja, na pua ikafanya puf.

"Kumi na nane? Una uhakika?"

"Hesabu mwenyewe."

Sekela akajilaza kwenye kochi, akaegemeza kishikwambi kwenye mto, akaachama mpaka mwisho.

"Sogea kwenye taa," alisema Baba. "Haya. Hili moja. Hili la pili. La tatu hili hapa, lina kipande cha mchicha."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Baba alihesabu polepole, maana leo hakuwa na haraka. Alitaja kumi mara mbili, akajua amekosea. Akaanza upya.

Alipofika jino la kumi na nne, Sekela alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo.

Bibi akanyoosha mkono akate simu.

"Mama, bado," Baba alinong'ona. "Usikate. Hajafumba mdomo."

Akasogea karibu na kioo, akaendelea. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane.