Kura za Yakobi Zilizopikwa Kande

"Shangazi, hii kande umeitoa wapi?"

"Kwenye kibuyu, mwanangu. Kwani wapi tena?"

"Kibuyu kipi?"

"Kile cha juu ya kichanja. Nimekikuta mahindi na maharage yameshachanganywa, nikasema Bwana asifiwe, leo wageni hawatalala njaa."

Nilichungulia mlangoni. Sebuleni kwa baba, wazee watatu kutoka Makambako walikuwa wanatafuna kura za watu elfu moja na arobaini. Wanatafuna, wanashushia togwa, na mmoja wao analalamika kwamba chumvi imezidi.

Subirini niwaeleze, msije mkadhani bibi yenu amechanganyikiwa. Mwaka ulikuwa 1949, Mwingereza bado yupo bomani Njombe, na mimi Dorika binti Danieli nilikuwa na miaka ishirini, nafundisha watoto wadogo kusoma pale kijijini Yakobi. Nilikuwa mzuri, msibishe, hakuna aliyebaki wa kuwaambia vingine.

Kaka yangu Nahumu alichukuliwa vitani mwaka 1941. Watu wa serikali walikuja na karatasi imeshaandikwa, akabonyeza kidole gumba, akaenda Burma. Hakurudi. Kilichorudi ni blanketi lake, na aliyelileta ni rafiki yake wa vitani, Sila, Mkinga wa Makete, mrefu, mwenye sauti ya pole. Baada ya vita Sila alipata kazi Makambako, anapakia na kuandika mizigo ya malori pale njia panda. Alikuja kutupa pole mara moja. Kisha akaja tena. Mara ya tatu hata kuku wetu walijua anamfuata nani.

Lakini Sila alikuwa na wazimu wake mmoja. Akiwa hospitali ya jeshi, mgonjwa mwenzake, Mzungu, alimpa anwani ya chama cha watu huko Ulaya waliotaka kila binadamu aulizwe swali moja. Sila akaandika barua, wakamtumia swali, naye akaligeuza Kiswahili. Jumapili moja baada ya ibada akapanda juu ya gogo la mti wa mwati nje ya kanisa letu, ukungu bado haujaondoka, akalisoma:

"Je, unataka watu wote wa dunia wachague bunge moja, wakae humo waongee, ili pasiwe na vita tena?"

Halafu mimi, mdomo wangu huu, nikauliza:

"Wanaoulizwa ni wanaume tu?"

"Hata wanawake."

"Na Bwana Shauri wa bomani, yeye atakuwa na kura ngapi?"

"Moja. Mfalme wa Uingereza, moja. Wewe, Dorika, moja."

Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia kuna nini.

"Wakinga na biashara zao! Huyu ameuza chumvi mpaka imempanda kichwani!" akasema mmoja.

Shida ilikuwa karatasi. Yakobi hapakuwa na mtu wa kubonyeza kidole tena, si baada ya vijana waliochukuliwa vitani. Hapo Sila akafikiri: iwe punje. Anayesema ndiyo, punje ya hindi. Anayesema hapana, punje ya haragwe. Kibuyu kimoja chenye shingo nyembamba, na anayeuliza lazima ageuke, akupe mgongo, asione umetumbukiza nini. Kibuyu akakiacha kwangu, na mimi ndiye niliyeandika majina.

Mtu mmoja tu alikataa katakata. Baba yangu.

"Nilishampa mtu wa serikali kidole cha mwanangu," alisema. "Sina kingine cha kumpa mtu."

Miezi ile miwili, eeh, acheni tu. Kila Jumamosi lori la Makambako likija, nasikia mngurumo wake toka mbali, nakimbia kupaka mafuta miguuni. Tulitembea nyumba kwa nyumba, umande hadi magotini, yeye anauliza, mimi naandika. Hakunigusa hata mkono. Lakini akinitazama nilikuwa nasahau kuandika majina ya watu.

Wiki ya mwisho aliniletea barua kwa dereva: "Dorika, kibuyu usikifungue. Jumamosi tutakifungua pamoja mbele ya watu, tuhesabu. Nina jambo jingine pia, lakini hilo si la karatasi."

Si la karatasi! Siku nne sikula vizuri. Nilijua atakaloniuliza, na jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Sasa turudi kwenye kande.

"Dorika, kaa chini," baba akasema. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu Nahumu aondoke. "Hawa wageni wametumwa na Sila. Mzee Yonathani huyu ndiye mshenga. Jembe lao nimelipokea."

Lilikuwa pale pembeni, jembe jipya, limefungwa kitambaa cheupe. Kwetu likishapokelewa, maneno yamekwisha.

Mngetegemea niruke kwa furaha. Mwanamume niliyemtaka ananitaka, na baba yangu mgumu kama mzizi amekubali! Lakini nililitazama jembe, nikatazama sufuria, na hasira ikanipanda.

"Kamwene, wazee wangu," nikasema. "Mnajua mnachokula?"

"Kande, binti yetu. Nzuri sana."

"Mnakula kura za Yakobi."

Vijiko vikasimama. Mzee Yonathani akameza kwa taabu.

"Zile za bunge la dunia?"

"Zile zile."

Mzee wa pembeni akainamia bakuli lake. "Sasa mimi nimekula ndiyo nyingi au hapana nyingi?"

Shangazi Oktavia alipiga yowe huko jikoni. Mimi nikalinyanyua lile jembe, nikaliweka miguuni pa mshenga.

"Lirudisheni."

"Dorika!" baba akafoka.

"Sila ameuliza Yakobi nzima, baba. Ameuliza vikongwe wasioona. Kesho kutwa angeuliza Makete. Mimi anayetaka kunioa ameniuliza lini?"

Wageni waliondoka bila kunawa, na jembe wakaliacha, maana mshenga hakutaka aibu ya kulibeba.

Jumamosi Sila alikuja, akanikuta njiani natoka kisimani.

"Umenikataa?"

"Nimekataa jembe."

"Nilidhani unajua kwamba nakupenda, Dorika."

"Nilijua. Kujua si kuulizwa."

"Lakini ndiyo desturi! Nikuulize wewe barabarani kama mhuni? Jambo nililoandika ni kukuambia kwamba wazee wamekubali."

"Uliponiambia kura yangu ni sawa na ya mfalme, mbona hukukumbuka desturi?"

Nilimwona anaumia, na mimi naumia, na wote wawili tuna kiburi cha kutosha kujenga nyumba.

"Kura zimeliwa," akasema taratibu. "Na mimi nimekataliwa na kijiji kizima kinajua. Alhamisi kuna lori la mahindi linakwenda Tunduma, nitavuka kwenda kwenye migodi ya Rhodesia. Kaa salama."

"Nenda salama," nikasema, mjinga mimi. Nilifika nyumbani ndoo imebaki nusu.

Nililia Jumamosi yote. Jumapili nikaosha uso, nikachukua kibuyu, nikasimama nje ya kanisa. Kura ziliharibikia nyumbani kwetu, nitaziomba upya, hata kama mwenye swali anaondoka. Nilieleza yote, na kande sikuificha. Wakacheka tena, kisha wakapanga foleni. Wengine walikuja hata siku iliyofuata, na siku iliyofuata hiyo.

Jumatano asubuhi, foleni imekwisha, nikaona mtu mmoja anakuja na koti lake la ibada. Baba.

"Nipe punje," akasema.

"Baba, si ulisema..."

"Nipe, nawe geuka."

Niligeuka. Nikasikia punje inagonga ndani ya kibuyu. Nilipomtazama macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Walipomchukua kaka yako walinikuta na karatasi imeshaandikwa. Miaka minane nawachukia kwa sababu hawakuniuliza. Halafu nikapokea jembe, na wewe sikukuuliza. Nimeshindwa kulitazama jembe lile, Dorika. Jiandae. Kesho alfajiri tunakwenda Makambako."

"Kufanya nini, baba?"

"Kurudisha mali ya mtu. Mengine utasema mwenyewe."

Makambako wakati ule haikuwa mji. Njia panda, vumbi, maduka machache ya mabati, upepo unaokata masikio, na malori yaliyopangana pembeni. Lori la Tunduma lilikuwa linanguruma tayari. Sila alikuwa juu ya magunia, amejifunga blanketi lake la jeshi, na aliponiona alisimama wima kama ameitwa kwenye gwaride.

"Sila, teremka," baba akasema.

Akateremka. Baba akamwekea jembe mikononi.

"Hili lako. Nililipokea kabla ya wakati wake. Sasa muulize mwenyewe, sisi tunasikiliza."

Dereva alizima injini. Utingo wakasogea. Wanawake waliokuwa wanauza viazi vya kuchemsha wakaacha biashara. Sila wangu, aliyeongea mbele ya mamia, alililaza jembe chini, akalinyanyua, akalilaza tena. Mwisho akaingiza mkono mfukoni. Punje za kuonyeshea watu hazikumtoka kamwe. Akanipa moja ya hindi, moja ya haragwe, akavua kofia yake, akainyoosha kwa nyuma na kunipa mgongo.

"Dorika binti Danieli," akasema kwa sauti, anaitazama barabara ya Njombe. "Unanitaka? Usiogope. Hapana nayo ni kura."

Nilitumbukiza. Alipogeuka na kuchungulia kofia, akaona hindi, alikaa chini vumbini na kulia kama mtoto, mbele ya madereva wote.

"Inuka, bado," nikamwambia. "Na mimi nakuuliza. Unanitaka?"

"Hii moja haitoshi wawili?"

"Kila mtu yake moja."

Akaruka kwenye lori, akachokonoa gunia, akachomoa punje.

"We! Mahindi ya watu hayo!" dereva akapiga kelele, lakini alikuwa anacheka.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno, kengele ya Yakobi ikalia, na Shangazi Oktavia alikatazwa kukaribia kibuyu chochote. Kura tulizihesabu mbele ya watu: ndiyo mia tisa themanini na saba, hapana sabini na nne. Tukazituma Ulaya kwa barua. Jibu halikuja. Miaka na miaka Sila alikuwa akisikia gari la posta anatoka nje.

"Dunia ni kubwa, mke wangu," alikuwa akisema. "Kuhesabu kunachukua muda."

Naye akaanza mtindo wake. Kila mwaka, siku ile ile, ananipa punje mbili, ananipa mgongo, ananyoosha kofia: "Unanitaka?" Nami natumbukiza. Kisha namuuliza yeye. Mwaka mmoja alikuwa ameuza ng'ombe wangu bila kusema nami, nikatumbukiza haragwe. Alilala ghalani. Asubuhi akaja kuuliza tena, nikamwambia uchaguzi ni mwaka ujao, lakini uji upo mezani.

Tulipomzika, watoto walifungua sanduku lake la jeshi kutafuta hati za shamba. Chini kabisa, ndani ya kile kitambaa cheupe cha jembe, wakakuta punje kavu, nyingine zimetobolewa na fukusi. Wakataka kuzimwaga.

"Leteni hapa," nikasema.

Nilizipanga mezani, mbele ya watu, kama alivyotaka siku zote. Mahindi arobaini na nane. Haragwe moja, amelifunga peke yake kwenye karatasi. Zake ninazo mimi, zote mahindi.

"Mama, ni nini hizi?" akauliza binti yangu Emilia.

"Ni kura, mwanangu. Zimehesabiwa. Baba yenu ameshinda."